Thoan wa Lu Dong, Mpuliza Bilauri

Nilipokuwa na miaka tisa nilikanyaga kipande cha chupa ya dawa, kikazama kisiginoni, na aliyekitoa alikuwa Thoan. Alinikalisha juu ya gunia, akaushika mguu wangu kama mtu anayeshika kuku wa kuchinjwa, akakitoa kwa meno. Kabla ya kukitupa alikiinua kwenye mwanga.

"Cheupe," akasema. "Tena kizuri. Ngan, siku nyingine ukanyage cha kijani, hasara itakuwa ndogo."

Nikacheka huku nalia. Yeye alikuwa na miaka kumi na minane wakati huo, na nyumba yetu na yao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu wa matofali, ambao hata leo upo.

Kazi yetu wanawake wa Lu Dong ilikuwa kuchambua vipande. Chupa zilizovunjika zililetwa kwa mitumbwi na mikokoteni kutoka mji wa Nam Dinh na kwingineko, sisi tukaziosha bwawani na kuzitenga: nyeupe, zenye bei kubwa, huku, kijani kule, kahawia kwenye pipa. Tanuri lilikuwa hatua ishirini kutoka tulipoketi, ila mwanamke hakulisogelea. Ilisemwa kwamba mwanamke akipita nyuma ya mpulizaji, bilauri zote za siku hiyo zitapasuka. Bibi yangu alikuwa akisema maneno hayo yalitungwa na wanaume waliotaka mahali pa kuvutia tumbaku bila kuulizwa wanarudi nyumbani saa ngapi.

Kisha vita vikawachukua wanaume. Kwanza walikwenda vijana, halafu wenye watoto wawili, halafu hata wale waliokuwa na mvi za kwanza. Mwaka sitini na saba mabomba manne ya kupulizia yalikuwa yameegemezwa ukutani bila mwenyewe. Mji ulikuwa unapigwa mabomu, umeme hakuna, na kila nyumba ilihitaji chemni ya taa. Ushirika wetu ukaambiwa utoe chemni, na bilauri za bia za Hanoi vilevile, kwa sababu hata watu wanaopigwa mabomu hunywa bia. Waliobaki tanurini walikuwa wazee wawili na baba yake Thoan, mzee Khoat, ambaye jeshi lilimkataa kwa sababu ya kifua.

Asubuhi moja mzee Khoat alimaliza uji wake, akamwambia binti yake, "Funga nywele vizuri. Leo unakuja na mimi."

Mama yake Thoan akauliza kutoka jikoni, "Anakwenda wapi?"

"Kazini."

"Baba Thoan! Bilauri zitapasuka!"

"Zinapasuka hata nikiwa peke yangu," akajibu mzee, akatoka akikohoa.

Nasimulia nilichokiona mwenyewe, maana sisi watoto tulikuwa tukichungulia kwenye nyufa za mianzi. Wiki za mwanzo Thoan aliungua mikono yote miwili, na nyusi zake zikaisha. Unachovya ncha ya bomba kwenye chungu kilichomo ndani ya moto, unazungusha, unatoa donge la kioo jekundu kama kiini cha yai la bata. Unaliviringisha juu ya bamba la chuma. Unapuliza pumzi ya kwanza, ndogo, kama ya kupooza uji wa mtoto. Halafu unalishusha donge kwenye kalibu ya chuma yenye nusu mbili zinazofungwa kama kitabu, na hapo ndipo unapuliza ya pili huku unazungusha bila kusimama. Pumzi ikizidi, ubavu unakuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Ikipungua, umetengeneza jiwe. Mzee Khoat hakuwa mtu wa kueleza. Alikuwa akisema "hapana" na kukivunja kile kitu, basi.

Baada ya miezi mitano hivi, akaacha kusema hapana. Hakusema ndiyo pia. Aliichukua bilauri moja ya Thoan, akaigonga kwa ukucha, akaiweka kwenye majivu ya kupozea pamoja na zake.

Zilikuwa bilauri nene za kijani, kijani cha maji ya bwawa, zenye mapovu yaliyokwama ndani ya kioo na mistari ubavuni ili zisiteleze mkononi. Mwaka uliofuata wanawake sita walikuwa wanasimama mbele ya moto, na aliyewafundisha wengine watano alikuwa Thoan. Mashavu yake yakaanza kulegea, kama yanavyolegea ya wapulizaji wote, na vijana wachache waliobaki kijijini wakapata la kusema.

"Dada Thoan, umeficha ndizi mdomoni?"

"Nimeficha maneno yako. Nitayatema siku ya harusi yako, mama mkwe wako asikie."

Alikuwa na mchumba. Luong, mwana wa fundi aliyekuwa akipuliza bega kwa bega na mzee Khoat, alikuwa amekwisha kuleta sinia la posa la popoo na tambuu kwao, watu wakala, mambo yakajulikana. Alikwenda vitani masika ya mwaka sitini na nane. Barua zake zilifika kama moja kwa mwaka, na Thoan alinisomea moja kwa sababu nilimsumbua. Luong aliandika kwamba amesikia anapuliza bilauri, amecheka mpaka wenzake wakamuuliza kuna nini, na kwamba atunze nyusi zake. Thoan aliikunja ile barua akatabasamu siku nzima. Aliisoma kama sifa. Na mimi niliisikia kama sifa.

Luong alirudi mvua za mwaka sabini na tano, mzima, isipokuwa sikio moja halikusikia tena. Kijiji kizima kilikwenda kumpokea kwenye tuta la mto. Katika vijana kumi na tisa wa rika lake walirudi saba. Mama yake Thoan alilia kwa furaha akaanza siku hiyohiyo kuhesabu kuku wa harusi.

Baada ya wiki tatu mwenyekiti wa ushirika, Bwana Tru, aliita mkutano uwanjani mbele ya tanuri. Alikuwa mtu wa maneno laini. Alisema wanawake wamefanya kazi ya kutukuka, taifa limeona. Sasa kaka zetu wamerudi, mikono yao imechoka kushika bunduki, inataka kushika bomba. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu dada zetu wapumzike, warudi kwenye kuchambua, walee watoto.

Watano kati ya wale sita walishusha pumzi. Sisemi vibaya, moto ule unachosha. Lakini Thoan alisimama.

"Mwenyekiti, mimi sijachoka."

"Najua, dada. Ni utaratibu tu."

"Mabomba tunayoshika sisi ni sita na wanaume waliorudi kwenye kazi hii ni wanne. Nimehesabu. La tano na la sita litashikwa na nani?"

Watu wakaguna. Bwana Tru akacheka kidogo, akageuka. "Haya basi, kwa nini nijibu mimi wakati mwenyewe yupo? Kaka Luong, wewe ndiye utakayemwoa. Unasemaje?"

Luong alikuwa amekaa mbele, sikio lake zima limeelekea kwa mwenyekiti. Akasimama. Alikuwa na aibu, nilimwona, masikio yake yamekuwa mekundu. Sasa ninapokumbuka naona alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba tu, anatazamwa na kijiji kizima, na wanaume wenzake nyuma yake wanasubiri. Akasema, "Mke wangu hatasimama mbele ya moto akitoa jasho mbele ya watu. Atachambua vipande, kama mama yangu."

Wanaume wakapiga makofi. Thoan akangoja makofi yaishe.

"Basi mtafutie huyo mke wako kazi ya kuchambua," akasema. "Mimi si yeye."

Wakacheka baadhi, wakidhani ni utani wa wachumba. Kisha wakaona anavua aproni ya ngozi, anaikunja mara mbili, anaiweka juu ya bamba la chuma. Akapita katikati yetu akaenda nyumbani. Kesho yake sinia la popoo lilirudishwa kwa kina Luong, na aliyelibeba alikuwa yeye mwenyewe, kwa sababu mama yake alikataa kutoka kitandani.

"Umemkataa mwanamume mwenye miguu miwili!" nilimsikia mama yake akipiga kelele upande wa pili wa ukuta. "Wenzako wanagombea vilema! Wenzako wanaolewa na picha za waliokufa vitani! Wewe nani?"

 Nilisikia tu maji yakimwagwa kwenye beseni.

Mama yake alikuwa na haki ya kuogopa. Miaka ile wanawake wa umri wa Thoan walikuwa wengi kama mbegu za boga na wanaume wachache. Hakuna aliyekuja kuuliza tena. Luong alioa mwaka uliofuata, akamchukua Men, msichana mpole wa kijiji cha ng'ambo ya mto, akazaa naye wana wawili. Mzee Khoat alikufa kwa kifua chake, halafu mama. Kaka yake Thoan alikuwa mmoja wa wale waliokwenda wasirudi. Kufikia umri wa miaka thelathini na nane Thoan alikuwa anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu, akapanga vitu vyake vyote katika kimoja.

Aliishi kwa kununua vipande. Alikuwa na baiskeli nyeusi yenye vikapu viwili vya mianzi, akazunguka kijiji kwa kijiji akiita kwa sauti ndefu: chupa mbovu, vioo vilivyovunjika, leteni. Sauti yake ilikuwa nzito na ilifika mbali, maana kifua chake kilikuwa cha mpulizaji. Watoto walimwigiza. Wakati mwingine mwenye nyumba alimpa bilauri nzima iliyobaki peke yake baada ya wenzake kuvunjika, naye hakuitia kikapuni pamoja na vipande. Aliifunga kwenye kitambaa. Chumbani kwake palikuwa na rafu: bilauri yenye mguu ya ukumbi wa harusi, kikombe kidogo cha pombe ya mchele, kimoja chenye mshikio cha bia ya Kijerumani, bilauri nyembamba yenye mstari wa dhahabu iliyofutika nusu, mtungi wa achari ambao mfuniko wake ulipotea. Nilimuuliza siku moja anazifanyia nini.

"Nazipangusa vumbi."

"Si ungepata wageni ukawaandalia kwa hizo?"

"Wageni gani, Ngan? Wewe unakunywa chai yangu kwenye bakuli."

Ni kweli, nilikuwa nakunywa kwenye bakuli. Nilikuwa na mume, watoto wanne na mama mkwe, nikiingia kwake ni dakika mbili, mguu mmoja nje. Siku za Mwaka Mpya, wakati kila nyumba ina watu mpaka uani, nilikuwa nikimpelekea kipande cha keki ya wali iliyofungwa majani, namkuta amekaa kwenye kitanda cha mbao amevaa nguo mpya, mikono magotini, kama mtu anayesubiri gari kituoni. Nilikuwa nikimwambia njoo kwetu. Alikuwa akijibu, "Nitakuja." Alikuja mara mbili katika miaka thelathini.

Ushirika ulipovunjwa kila mtu akajijengea tanuri lake, na la Luong likawa ndilo kubwa. Kwa hiyo vipande vya Thoan vilikwenda kwa nani? Kwa Luong. Kila siku ya nne au ya tano alisukuma baiskeli yake mpaka uani pale, vikapu vikashushwa kwenye mizani. Nimeshuhudia mazungumzo yao mara nyingi na hayakuwahi kubadilika.

"Nyeupe hizi?"

"Nyeupe."

"Zimeoshwa?"

"Tazama mwenyewe."

Basi. Miaka ishirini na mitano ya maneno hayo manne matano. Men alikuwa akimpa maji ya kunywa, naye alikunywa akiwa amesimama, mgongo ameugeuzia tanuri.

Halafu vikaja vikombe vya kiwandani, vyepesi, vyeupe kabisa, havina povu hata moja, na matanuri ya Lu Dong yakaanza kuzimwa moja baada ya jingine. Lilibaki la Luong. Wanawe wakaenda Saigon kutengeneza fanicha, hawakutaka kusikia habari ya moto. Na kifua cha Luong, kama vifua vya wote waliomtangulia, kikaanza kupiga filimbi.

Mwaka elfu mbili na kumi na mbili, mwenye baa moja ya Hanoi aliagiza bilauri mia nane. Alitaka zilezile za kale, nene, za kijani, kwa sababu wanywaji wake walilalamika kwamba bia kwenye vikombe vya kiwandani haina ladha. Luong alikubali. Alikuwa na mpulizaji mmoja tu, mtu wa makamo, na wiki ya kwanza huyo mtu akapigiwa simu na ndugu zake, akaenda kufanya kazi ya ujenzi Hanoi. Luong akashika bomba mwenyewe. Alitoa bilauri kumi na moja akaanguka karibu na chungu, Men akamburuta kwa kwapa.

Siku ya pili, asubuhi, nilikuwa kwa Thoan nikimrudishia ungo wake, Men akabisha hodi. Hakuwahi kuingia nyumba ile. Alibaki mlangoni akishika kofia yake ya majani kwa mikono miwili.

"Dada Thoan. Nimekuja kuomba."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nikikaa nitasahau nilivyopanga kusema." Akameza mate. "Bilauri zilizobaki ni nyingi. Yeye hawezi. Hapa kijijini hakuna mwingine mwenye kujua aliyebaki ila wewe."

Thoan alikuwa anamenya vitunguu saumu. Aliendelea kumenya. "Mumeo kakutuma?"

"Kanikataza."

Kisu kikasimama.

"Kanikataza," Men akarudia. "Kasema afadhali tanuri lizimike. Mimi nimempikia mtu huyu miaka thelathini na sita, najua afadhali yake ya kweli na afadhali ya mdomoni."

Thoan alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyeulizwa. Nikasema, "Dada, pumzi unayo? Si mchezo."

"Wewe hunisikii ninavyoita chupa?" akasema.

Akaenda kesho yake alfajiri. Nami nikaenda, nikajifanya naosha vipande, kazi niliyokuwa nimeiacha miaka mingi. Luong alikuwa kwenye kiti cha mianzi karibu na ukuta, amefunikwa shuka. Alipomwona Thoan akifunga nywele, aligeuza uso, kisha akaurudisha. 

Bilauri saba za kwanza zilivunjika. Ya kwanza ilikuwa nzito upande mmoja, ya pili ilipasukia kwenye kalibu, ya tatu akaidondosha. Nilitamani kuondoka. Kutoka kwenye kiti Luong akasema, kwa sauti iliyojaa makohozi, "Unachota nyingi."

"Nyamaza."

"Unachota nyingi, nakwambia. Baba yako alikuwa akichota kidogo."

"Baba yangu alikuwa akivunja bila kusema. Vunja au nyamaza."

Luong akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, Men akaja na maji. Bilauri ya nane ikasimama. Thoan aliigonga kwa ukucha, akasikiliza, akaiweka kwenye majivu. Mgongo wake ulikuwa umelowa wote, na nilipomtazama usoni niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu tuko wasichana. Mashavu yale yaliyochekwa yalijaa hewa yakawa mviringo, na uso wake ukarudi kuwa wa mtu mwenye kazi.

Alifanya siku kumi na tisa. Siku nyingine arobaini, siku nyingine hamsini. Adhuhuri Men alileta wali, samaki wa kukaanga na mboga za maji, wakala wote watatu kwenye mkeka mmoja, nami wa nne. Hawakuwa na mengi ya kusema. Luong alisema kioo cha leo kina mapovu mengi, Thoan akajibu kwamba Hanoi wanalipia hayo mapovu. Kwa watu wale wawili, hiyo ilikuwa hotuba.

Siku ya tisa au ya kumi Men alikwenda sokoni. Mimi nilikuwa bwawani, lakini karibu, nasikia. Thoan alikuwa ametoka tu kuchota, donge jekundu liko kwenye ncha ya bomba, analiviringisha. Luong akasema, "Thoan." Bila dada, bila chochote, kama alivyokuwa akimwita kabla ya vita.

Thoan akaendelea kuliviringisha.

"Thoan, siku ile ya mkutano. Mimi siku ile..."

"Kioo kinapoa," akasema Thoan, akapeleka bomba mdomoni.

Akapuliza. Akaishusha kwenye kalibu, akapuliza tena, akaitoa, akaikata, akaipeleka kwenye majivu, yote bila kugeuka. Alipomaliza alichota nyingine papo hapo. Luong alingoja. Naapa alingoja, niliuona mdomo wake ukiwa wazi. Halafu Men akarudi na kapu, akaanza kulalamikia bei ya kamba wa mtoni, na neno lile likabaki pale lilipokatika.

Bilauri mia nane zilifungwa kwenye nyasi kavu, lori likaja. Tanuri waliliacha life lenyewe. Huchukua siku tatu kupoa, na siku ya tatu chungu cha ndani hupasuka kwa mlio mmoja kama mti unaovunjika. Tuliusikia kijiji kizima. Tangu siku hiyo Lu Dong haina moto.

Luong alikufa majira ya baridi ya mwaka uleule. Msibani watu wa ukoo walifunga vitambaa vyeupe kichwani, na Thoan, ambaye hakuwa mke, wala dada, wala shemeji, hakuwa na kitambaa cha kufunga. Alikaa uani nyuma ya jiko pamoja nasi majirani, akaosha bilauri na bakuli za wageni siku mbili mfululizo. Wageni walikuwa wengi. Maji yalikuwa ya baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Nilimwambia apumzike, nitamalizia. Akatikisa kichwa.

Tulipokuwa tunamwaga beseni la mwisho akaniambia, bila kunitazama, "Bora ningemwacha amalize."

Nikajua anachosema. Nikamuuliza, "Ulidhani angesema nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema ningemwacha amalize." Akakung'uta maji mikononi. "Kioo kile kingepoa tu. Kingekuwa bilauri moja mbovu."

Baada ya msiba likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Men akaanza kuja. Mwanzo alikuja kurudisha sufuria, kisha akaja bila sufuria. Wakawa wanakaa barazani wanachambua maharage, wanabishana kuhusu chumvi. Siku moja nilimsikia Thoan akimuuliza, "Men, aliwahi kukwambia alitaka kunieleza nini?"

"Mimi?" Men akasema. "Dada, yule alikuwa mtu wa kusema mara moja tu, na mara yenyewe aliisema mbele ya watu. Mimi mwenyewe nilipoolewa nilipokewa kwa maneno yale. Mama mkwe alinikabidhi beseni la vipande siku ya tatu ya ndoa."

Wakacheka, wote wawili, vicheko vya mabibi wasio na meno mengi. Thoan akaingia ndani, akashusha bilauri mbili kutoka kwenye rafu, moja yenye mguu na moja yenye mshikio, akamimina chai ya kijani. Ilikuwa mara ya kwanza kuona vile vitu vimelowa.

Hali hiyo ilidumu miezi kumi na minne. Kisha wana wa Men wakaja kutoka Saigon, wakasema mama hawezi kukaa peke yake, nyumba ikauzwa, tanuri likabomolewa pakawekwa karakana ya pikipiki. Men alilia garini. Thoan alisimama kwenye tuta akamwambia dereva asiendeshe kwa pupa, akarudi nyumbani akafagia uani.

Sasa ana miaka zaidi ya sabini na mitano. Baiskeli ameiuza. Men humpigia simu siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, wakati wa chakula cha mchana, na kwa kuwa Thoan hajui kubonyeza, mimi ndiye ninayekwenda kumshikia simu. Wote wawili masikio yamekuwa mazito, kwa hiyo wanapiga kelele mpaka fundi wa pikipiki anatoka kutazama.

"Dada! Umekula?"

"Nimekula!"

"Umekula na nini?"

"Tofu na mchicha!"

"Umekula na nani?"

"Eh?"

"Nasema, na nani?"

Hapo Thoan huigeuza simu akaitazama kana kwamba tatizo liko kwenye mashine, kisha huirudisha sikioni. "Huku kumenyesha!" hupiga kelele. "Huko je?"

Men humweleza habari za mvua ya Saigon. Wakimaliza naikata simu, naiweka mezani, naye huniambia nisikae sana, wajukuu zangu watakuwa wananitafuta. Nami, kwa kweli, huwa nina wajukuu wanaonitafuta. Nikishafika upande wangu wa ukuta nasikia anasogeza kiti, anaosha bakuli lake moja, na redio ya fundi wa pikipiki inaendelea.